Maswali Themanini na Manne ya Mwalimu Esteria

Nianze na sikio langu la kushoto. Limekaa upande kidogo, na wanaonifahamu wanajua aliyelivuta ni Mwalimu Esteria Shemhilu, mwaka ule niliposhindwa mara tatu kusema kwa kichwa mafundisho ya kipaimara. Simlaumu. Mimi nilikuwa mvivu, na mkono wake haukuwa na subira. Mara ya nne nilisema yote bila kupepesa macho, nikabarikiwa pamoja na wenzangu, na hata leo ukiniamsha usingizini nitakutiririshia mwanzo hadi mwisho. Nusu ya watu wazima wa Kwembula wamepita katika mkono ule ule, wakiwemo wanaojifanya wakubwa siku hizi.

Kwembula ni kitongoji cha juu kabisa. Ukitoka Mgwashi unapanda, unapanda tena, na unapodhani umefika unaambiwa bado. Tunalima kabichi, karoti na viazi. Wengi wetu ni Washambaa wa Kilutheri, na zipo nyumba chache za watu walioletwa na kazi za mashamba ya chai, wakaoa huku, wakasahau nauli ya kurudi kwao.

Mwalimu Esteria ana miaka sitini na minane. Ni mfupi, havui sweta lake la kijani hata jua likiwaka, na anatembea na gambuti kana kwamba mvua inamdai. Alistaafu kufundisha kipaimara miaka michache iliyopita, akabaki na kazi yake nyingine ya miaka yote, kuuza miche ya parachichi ya kubebesha. Mumewe alikwishatangulia mbele ya haki. Anaishi na mjukuu wake, Jackline, ambaye mama yake anafanya kazi Tanga mjini na huja Krismasi na Pasaka.

Jackline alikuwa na miaka minane na alikuwa anamaliza darasa la pili. Amezaliwa na mguu mmoja mfupi. Usimwonee huruma, atakuaibisha. Kwenye mteremko wenye majani mabichi hukaa chini, akajiachia, akafika bondeni kabla yako. Tatizo ni kurudi juu. Kupanda kunamtesa, na hilo ndilo lililoleta habari yote hii.

Shule yetu ni shikizi, yaani tawi la watoto wadogo: awali, la kwanza na la pili, vyumba viwili na choo. Akifika darasa la tatu mtoto huteremka kwenye shule mama iliyoko bondeni, mwendo wa saa moja na nusu, akavuka kijito juu ya gogo, halafu jioni akaupanda mlima ule ule. Kwa Jackline hilo halikuwezekana. Shangazi yake, Yusta, binti mdogo wa Mwalimu Esteria, ana mgahawa Mazinde, barabarani kabisa, na shule iko nyuma ya nyumba yake, tambarare kama meza. Alikwishasema: mtoto aje kwangu Januari. Lilikuwa neno jema, na lilimnyima bibi yake usingizi.

Mwezi wa kumi mwaka 2023, Mwalimu Idrisa, mkuu wa shule mama, alipanda kwetu na suruali imelowa mpaka magotini. Aliikusanya kamati ya shikizi. Mwenyekiti wetu ni Sefania Hoza, mzee wa kanisa, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. Yupo Hafidhi mwenye duka. Nipo mimi, Anord. Na wapo wengine wawili watatu ambao walikuwa wanakuja wakisikia kuna chai.

"Ndugu zangu," Mwalimu Idrisa alisema, "Januari unaanza mtaala mpya wa taifa, na darasa la tatu ni miongoni mwa madarasa ya mwanzo. Nimeomba Kwembula mfunguliwe darasa la tatu hapa hapa, watoto wasishuke. Wathibiti ubora wa shule watakuja tarehe ishirini na tatu Novemba kuona kama mko tayari. Watazungumza na kamati. Kamati ikionekana haijui kinachokuja, basi tena."

Akatuachia mwongozo wa kurasa thelathini na sita. "Someni, muelewe, muelezane," akasema, akaanza kuteremka kabla ukungu haujafunga njia.

Tuliutazama ule mwongozo kama watu wanavyomtazama mgeni aliyekuja na begi kubwa. Sefania aliufungua katikati, akaufunga. Hafidhi alisema miwani yake iko dukani.

"Nani hapa kijijini," Sefania aliuliza, "anaweza kutuingizia kitu hiki kichwani?"

Bila kuambiana, wajumbe watatu tukashika masikio.

Tulikwenda kwake jioni ile ile. Tulisema shikamoo kwa pamoja kama watoto. Alitusikiliza huku akifunga utepe kwenye mche, na tulipomaliza akatuangalia mmoja mmoja.

"Nakubali," alisema. "Na msinishukuru, maana sifanyi kwa ajili yenu. Darasa la tatu lisipofunguliwa, mtoto huyu anateremka Mazinde, na nyumba hii tutabaki mimi na paka. Kwa hiyo mtasoma. Mtasoma mpaka mnikome."

Na tukasoma. Mwalimu Esteria aliuchukua mwongozo, akajifungia nao siku nne, akatoka na daftari kubwa lenye maswali themanini na manne na majibu yake. Kila Jumanne na Ijumaa saa kumi tulikaa darasani, yeye mbele, sisi nyuma, daftari mezani.

"Swali la kumi na saba. Wajibu wa kamati katika mtaala mpya ni upi?"

"Wajibu wa kamati ni mambo manne," tunaitikia. "Kwanza, kuhamasisha. Pili, kusimamia. Tatu, kushauri. Nne, kutoa taarifa."

"Anord, midomo yako inacheza lakini sauti sisikii."

Hebu niseme ukweli: nilifurahi. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano, nina watoto wanne na deni la mbolea, na nilikuwa narudi nyumbani nikichekelea kwa sababu nimesema swali la thelathini bila kukosea. Mke wangu aliniambia usiku nilikuwa nasema "tatu, kushauri" usingizini. Hafidhi ndiye aliyetushinda wote. Alikaa chuo cha Kurani utotoni, kuhifadhi kwake ni kama kunywa maji, na akipima sukari dukani alikuwa anasema jibu la tisa kwa mahadhi. Sefania alikuwa wa mwisho. Alikodi mtu wa kumsomea maswali njiani kwenda shambani, na mtu huyo ni Jackline, aliyekuwa ameyashika yote themanini na manne kabla yetu, akalipwa kwa miwa. Baada ya wiki tatu wasichana walikuwa wanaruka kamba kwa swali la kumi na saba. Kijiji kizima kilikuwa tayari.

Sasa kulikuwa na Mwalimu Janeth. Ndiye mwalimu wetu, na alikuwa peke yake. Ni binti wa Zirai, mwenye cheti chake cha ualimu, anayejitolea huku akisubiri ajira, na tulikuwa tunamlipa kwa kidogo tulichochanga na kabichi nyingi mno. Ni mpole, hata kuku akiingia darasani humwomba atoke. Mwezi ule alikuwa amekwenda bondeni kwenye mafunzo ya walimu kuhusu mtaala huo huo, akarudi Jumanne tarehe kumi na nne. Alikuta tuko swali la arobaini. Akakaa nyuma, karibu na Jackline, akasikiliza mpaka mwisho.

Mwalimu Esteria alijivuna, na nani asingejivuna? "Mwalimu," akamwambia, "waulize chochote."

Janeth alisimama. Aliangalia mlangoni, ambako mvua ya vuli ilikuwa imeusomba udongo wa uwanja mpaka kwenye kizingiti.

"Watoto wa darasa la tatu watajifunza mazingira," alisema. "Uwanja wetu unashuka bondeni kila mvua ikinyesha. Nyinyi kama kamati, mtafanya nini ili watoto wajifunze kutokana na jambo hilo?"

Tuliangaliana. Mimi nilipitisha majibu yote kichwani, la kwanza mpaka la themanini na nne, sikuona uwanja wala udongo. Mwishowe Sefania akainua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Hilo ni swali la ngapi?"

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipojua tumekwisha. Janeth naye hakucheka. Alieleza taratibu, akiangalia sakafu, kwamba mtaala huu unataka mtoto aweze kutenda jambo, asiishie kulikariri. Alisema mafunzoni waliwaeleza hivyo kila siku, mara kumi kwa siku. Na wathibiti wakija hawatauliza kamati inajua maneno gani, watauliza inafanya nini.

Mwalimu Esteria alilifunga daftari.

"Mwalimu Janeth, umezaliwa mwaka gani?"

"Tisini na tisa, Bibi."

"Mwaka huo nilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja. Wote wanakumbuka mpaka leo." Akachukua mwavuli wake, akaondoka bila kuaga. Jackline alimfuata mbio, akichechemea, na daftari likabaki mezani.

Nilimkasirikia Janeth. Nikarudi nyumbani nimemkasirikia, nikala nimemkasirikia, na nilipolala nikagundua anasema kweli, nikazidi kukasirika. Zilibaki siku tisa.

Asubuhi nikaenda kwa Mwalimu Esteria. Kisingizio changu kilikuwa miche sita ya parachichi niliyoiagiza. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje, sweta limefungwa vifungo kombo. Nilipomsalimu kwa Kishambaa, "Onga makeo," hakuitikia, na kwetu hilo si jambo dogo.

"Anord," alisema, "nimewapoteza. Zimebaki siku nane, na mimi nimewafundisha kusema. Miaka thelathini nimefundisha watu kusema. Kingine sikijui." Kisha akalia. Alilia waziwazi, machozi yakishuka hadi kwenye sweta, akasema kwamba Yusta alikwishamnunulia mtoto sare, na kwamba usiku ule Jackline alimuuliza kama Mazinde kuna ukungu.

Mimi mwanamke mzima akilia huwa sijui mikono yangu niiweke wapi. Niligeuka nikajifanya naangalia kitalu. Na huko kitaluni alikuwepo Jackline, amepiga magoti kwenye gunia, ulimi nje, kisu mkononi. Alikuwa anabebesha parachichi. Alikata mche wa kienyeji kichwa, akaupasua kidogo katikati, akachonga kijiti cha parachichi ya kisasa kama kabari ndogo, akakichomeka, akaanza kuzungusha utepe. Kijiti kikayumba. Akakitoa, akakitazama alipokosea, akakitupa, akachonga kingine.

Nikaona nitanie, angalau bibi yake acheke. "Nani amekufundisha kazi hii?"

"Bibi."

"Haya, nisemee hatua zake. Kwanza? Pili? Tatu?"

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mjinga, lakini kwa adabu. "Mjomba, hazisemwi. Lete mkono."

Akaniwekea kisu mkononi, akaushika mkono wangu kwa vidole vyake vyenye matope, akaupeleka. Nilikata vibaya. Akasema, "Umeua. Chukua mwingine."

Nilipogeuka, Mwalimu Esteria alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anamtazama mjukuu wake kama vile mtoto ameingia uani dakika hiyo hiyo.

"Huyu sikumpa hata swali moja," alisema polepole. "Nilimpa kisu. Akaua miche kumi na miwili, nikampa mingine. Aliua ile pia." Halafu akacheka, na kicheko chake kikubwa kikamtoa paka juu ya paa. "Mpumbavu mimi! Nilikuwa nayo hapa hapa uani. Anord, nenda kamwambie Sefania, Ijumaa waje bila daftari. Waje na majembe na kamba. Hafidhi aje na mizani yake. Mbona umesimama?"

"Miche yangu, Mwalimu."

"Miche yako utaibebesha mwenyewe. Nenda!"

Yeye alivaa gambuti, akaenda kwa Janeth. Walichozungumza sikijui, sikuwepo. Ninachojua ni kwamba Ijumaa walikuja wamefuatana chini ya mwavuli mmoja, na Mwalimu Esteria alisimama mbele ya kamati akasema, "Kuanzia leo mwalimu wenu ni huyu. Mimi ni mwanafunzi. Na atakayemcheka ajue mkono wangu bado upo." Kisha akaenda kukaa kwenye dawati la mbele, magoti yakigusa kidevu. Ng'ombe hazeeki maini, wahenga walisema, na mimi nimemwona huyo ng'ombe.

Zile siku sita, sijui niziite nini. Nimekuwa na harusi yangu, nimeuza kabichi mwaka ambao bei ilipanda mara tatu, lakini sijawahi kucheka namna ile. Janeth alitukalisha wote kwenye madawati ya watoto. Sefania aliingia vizuri, kutoka ikawa kazi, tukamvuta wanne. Tulipewa fito tatu, kamba na jiwe, tukaambiwa tutengeneze kitu cha kutuonyesha uwanja unalala vipi, maji yatapita wapi. Mimi nimechimba matuta tangu utotoni, nikatengeneza kile kipimo cha fito haraka haraka, jiwe likining'inia katikati, na Janeth akaniuliza pembe zake ziko ngapi na kwa nini miguu lazima ilingane. Jamani! Kumbe miaka yote nilikuwa nafanya hisabati na hakuna aliyeniambia.

Jumamosi tuliitisha msaragambo, kijiji kizima na majembe. Tulichimba makinga maji matatu kwenye uwanja, na watoto ndio waliopima, sisi tulichimba walipotuonyesha. Walipokosea maji yalituambia, maana mvua ilinyesha Jumapili, na Jumatatu tukafukia moja tukachimba upya. Tukapanda majani ya gwatemala kwenye kingo ili yashike udongo. Hafidhi alileta mizani, makopo na magunia matupu, akafungua duka la uongo kwenye kona ya darasa, na akakataa kabisa kumkopesha yeyote, hata kwa uongo. Akina mama wawili walileta ukindu wa kusuka. Na ilipofika habari ya sanaa na michezo, Sefania, mzee wa kanisa, alikohoa mara tatu akakiri kwamba anacheza bao na kwamba bao lake liko uvunguni. Mkewe alikuwepo. Alisema alikuwa anajua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Kila jioni Mwalimu Esteria alikuwa anaketi na Janeth, wanaandika kwenye karatasi mambo tuliyonayo na tusiyonayo. Karatasi ya pili ilikuwa ndefu.

Alhamisi tarehe ishirini na tatu ukungu ulikuwa mzito, na wageni walifika saa nne na nusu, mama mmoja mwenye miwani na kijana mwenye kompyuta ya mkononi, wakiwa na Mwalimu Idrisa. Tukawapa viti na chai. Sefania alisimama kuwakaribisha. Alikuwa ameandaa maneno matatu tu, lakini hofu ni kitu kibaya. Alifungua mdomo na kilichotoka ni hiki:

"Wajibu wa kamati ni mambo manne!"

Na Mungu ni shahidi yangu, sikukusudia, mdomo wangu ulijifungulia wenyewe. "Kwanza, kuhamasisha!" Hafidhi akapokea, "Pili, kusimamia!" kwa mahadhi. Watoto dirishani nao wakaingia, na sauti ya Jackline ikapaa juu ya zote. Tulikwenda la kumi na saba, la kumi na nane, tukamaliza la kumi na tisa, kabla Mwalimu Esteria hajakohoa kile kikohozi chake cha zamani. Tulinyamaza wote kama redio iliyoishiwa betri.

Yule mama alikuwa ameficha uso nyuma ya faili, mabega yakitikisika. Alipolishusha, macho yalikuwa na machozi ya kicheko. "Hongereni," alisema. "Sasa nionyesheni."

Hapo hatukuwa na wasiwasi. Tulitoka. Watoto walimpimia uwanja, wakamweleza kwa nini kinga maji la pili lilifukiwa. Alinunua sukari ya uongo kwa Hafidhi, akanyimwa mkopo. Alifungwa bao na Sefania. Nilijua tumeshinda. Nilimkonyeza Mwalimu Idrisa, naye akanikonyeza.

Tuliporudi ndani, mama yule alivua miwani, akaifuta, akauliza kwa upole, "Mwalimu ni mmoja. Kiingereza sasa kinaanza tangu darasa la kwanza. Darasa la tatu likifunguliwa, nani anafundisha, na watoto wanakaa wapi?"

Sefania alianza kusema kwamba tunajipanga, kwamba mipango iko mbioni, kwamba kwa kweli. Ndipo Mwalimu Esteria akasimama. Hakuwa mjumbe, aliomba ruhusa kwanza.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema, na kijana wa kompyuta akashtuka. "Hatuna. Mwalimu ni huyu mmoja, tunamlipa kabichi. Kiingereza chetu ni cha salamu za asubuhi, na tunazitumia mpaka jioni. Vyumba ni viwili. La kwanza na la pili wanaweza kupokezana asubuhi na mchana, la tatu likapata chumba, awali wakakaa kwenye kibanda cha kanisa. Hilo tumelipanga na Mwalimu Janeth, karatasi hii hapa. Mwalimu wa pili hatuwezi kumpanga, huyo mpaka mtupe." Akaiweka karatasi mezani. Sauti yake ikapungua. "Nina mjukuu, yule aliyepiga kelele kuliko wote. Usipofungua darasa hili, anaondoka nyumbani kwangu, na sijui nitalala vipi. Lakini sitakudanganya kwa ajili yake. Ukiona hawa watoto hawatafundishwa vizuri hapa, funga. Nitamteremsha Mazinde mwenyewe, kwa mkono wangu."

Nilitaka kumziba mdomo. Tulikuwa tumebakiza hatua mbili, na yeye anafungua mlango aonyeshe uchafu wa ndani! Si angesema tunajipanga, kama Sefania? Uongo mdogo tu, wa heshima. Mama yule aliandika, akaandika, akageuza ukurasa, akaandika tena. Akachukua ile karatasi ndefu. Walikunywa chai ya pili, wakatuaga kwa adabu, ukungu ukawameza. Hawakusema ndiyo wala hapana.

Zilipita wiki tatu. Wapo walionung'unika, na mmoja wao ni mimi. Mwalimu Esteria hakujitetea. Alibebesha miche, akaenda kanisani, akamfundisha Jackline kushona vifungo, "maana Yusta hana muda wa vifungo." Hilo liliniuma kuliko manung'uniko yote.

Tarehe kumi na tano Desemba nilikuwa navuna karoti. Nikamwona Sefania anakuja juu ya matuta, anakimbia. Sijawahi kumwona Sefania akikimbia na sitegemei kumwona tena. Alipofika hakuweza kusema, akakishika kiuno na kunielekezea simu yake. Mwalimu Idrisa alikuwa amepiga picha barua. Darasa la tatu lifunguliwe Kwembula, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Mwalimu wa pili ataletwa. Chini palikuwa na sentensi niliyoisoma mara nne: kamati inafahamu mapungufu yake bila kuyaficha, na imeanza kuyafanyia kazi.

Nilikwenda kwake mbio nikiwa na karoti mkononi. Niliomba radhi kwanza, kisha nikamwambia. Alikaa chini pale pale kwenye majani yaliyolowa, akashika kichwa, akamwita Jackline, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika anabanwa. Lakini alinikataza kumpigia Yusta. "Mkamia maji hayanywi," alisema. "Nikimwona amekaa darasani kwa macho yangu, ndipo nitaamini. Kabla ya hapo usimwambie mtu wa Mazinde neno lolote."

Shule zilifunguliwa Jumatatu tarehe nane Januari. Mwalimu wa pili alikuwa ameripoti Ijumaa, kijana mmoja wa Singida, akitetemeka kwa baridi ndani ya makoti mawili. Watoto wa darasa la tatu walikuwa ishirini na tisa. Wazazi tulijazana dirishani na hakuna aliyekwenda shamba. Mwalimu Esteria alisimama mbele yetu, viganja juu ya kizingiti cha dirisha. Jackline alikaa dawati la mbele, mguu mfupi juu ya tofali alilowekewa na Janeth, akibishana na jirani yake kuhusu rula.

Simu ya bibi yake ikalia. Alikuwa Yusta, na sauti yake ilisikika mpaka kwetu.

"Mama, shule zimefunguliwa leo na mtoto sijamwona! Nimeshatandika kitanda. Mmemweka gari gani?"

Mwanamke aliyetufundisha wote kusema alikosa la kusema. Alimwangalia Jackline, akaangalia tena.

"Haji," alisema. "Haji, mwanangu. Yuko darasani."

Akanipa simu nimalizie mimi, kwa sababu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Yusta huko Mazinde naye alikuwa ameanza hivyo hivyo.